Njia ya Jirani Hufa Lini?

Kuta za Dar es Salaam hujengwa sana Jumamosi. Mafundi hufika alfajiri, lori la matofali limeshamwaga mzigo tangu usiku, na ikifika saa nne asubuhi msingi umekwishavuka pale ambapo jana watoto walipita kwenda dukani. Anayejenga anajua hesabu yake: mwenyekiti wa serikali ya mtaa yuko kwenye shughuli, ofisi zimefungwa, na amri ya kusimamisha ujenzi haipatikani kabla ya Jumatatu. Hiyo Jumatatu ikifika, ukuta una kozi nane.

Kisa nitakachokitumia hapa nimekisuka kutoka kwenye migogoro mingi inayofanana kama mapacha, ya Goba, Kimara, Chanika na Mbagala. Tuseme ni Goba. Mzee mmoja alikuwa na shamba la ekari mbili, akalikata viwanja na kuuza kimoja kimoja. Mwaka 2009 mama mmoja alinunua kipande cha nyuma kabisa, akawa anaingia na kutoka kwa njia iliyopita kando ya mwembe, ndani ya eneo la mzee. Mzee akafariki. Watoto wake wakauza sehemu ya mbele kwa kijana mwenye haraka ya kujenga. Ukuta ulipoanza, mama alimfuata, na kijana akamjibu kwa adabu zote:

"Shikamoo mama. Mimi nimenunua eneo lote, na hati yangu haionyeshi njia. Halafu nyumba yako ilikaa tupu miaka minne, hakuna mtu aliyepita hapa. Na sasa manispaa wamechonga barabara huko nyuma kwako. Hii njia ni ya nini tena?"

Maneno hayo yanauma kwa sababu yanasikika kama ya haki. Ndani yake kuna hoja tatu za sheria zilizo mbalimbali kabisa: kwamba njia haikuwahi kuwapo, kwamba ilikuwapo ikatelekezwa, na kwamba ilikuwapo lakini haihitajiki tena. Wanaoitwa kusuluhisha huzichanganya zikawa moja, kisha wanaamua kwa kumwangalia nani amepaza sauti zaidi. Mimi naona huwezi kuuliza kama njia imekufa kabla hujauliza ilizaliwaje, kwa sababu kila aina ya uzazi ina kifo chake.

Njia nne zisizo ndugu

Haki ya mapito huungana na ardhi, haimfuati mtu. Kiwanja kimoja kinafaidi, kingine kinabeba. Anayehama anaiacha, anayekuja anaikuta. Kwa hiyo kauli ya "aliyekubaliana na huyu mama ni marehemu, si mimi" haimalizi jambo lolote, maana aliyenunua ardhi inayobeba amenunua na mzigo wake. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2001, inazitambua haki za namna hii na kuziwekea mipaka. Mtu anaweza kupewa haki ya kufanya jambo juu ya ardhi ya mwenzake, au chini yake, au haki ya kumzuia mwenzake asifanye jambo fulani humo. Hawezi kwa haki hiyo kukihodhi kipande hicho peke yake, wala kubeba vitu vya humo na kuondoka navyo. Njia ya kupita, bomba la maji, mtaro wa maji ya mvua, bomba la chemba linalopita kwa jirani hadi kwenye karo, vyote vinaweza kuwa haki za aina hii. Kuchota mchanga hakumo.

Kwenye mitaa yetu, vitu vinne tofauti vinaitwa kwa jina moja la "njia".

Kuna barabara iliyochorwa kwenye ramani ya mipango miji au ramani ya urasimishaji. Hiyo si haki ya jirani kwa jirani hata kidogo, ni ya umma. Haifi kwa makubaliano ya watu wawili, haifi kwa kutotumika, wala haifi kwa mwenyekiti kugonga muhuri. Mamlaka ya upangaji peke yake ndiyo inayoweza kubadilisha mchoro, kwa utaratibu wa Sheria ya Mipango Miji ya 2007. Nimeona watu wakilipana pesa ili "kufunga" barabara ya aina hii. Aliyelipa hakununua kitu.

Kuna njia iliyoandikwa: wenye viwanja wamekubaliana kwa maandishi, ikiwezekana ikasajiliwa kwa Msajili wa Hati. Kuna njia iliyozaliwa na lazima, pale mtu anapokata ardhi yake na kumuuzia mwenzake kipande kisicho na mlango wa kutokea. Sheria inamdhania muuzaji kwamba hakukusudia kumuuzia mtu kisiwa. Na ya mwisho ni ruhusa.

Ruhusa ndiyo inayojaza jiji hili. "Piteni tu uani kwangu, sisi ni majirani." Kwa wema huo watu wamepita uani kwa mwenzao miaka ishirini, wamezika pamoja, wameozeshana watoto, na siku moja mwenye uwanja akabadilisha mawazo. Inauma sana, lakini aliyepita kwa ruhusa hakupata haki katika ardhi. Alipata hisani. Hisani huisha kwa mwenyewe kuiondoa na kumpa mwenzake muda wa kujipanga. Huisha ardhi ikiuzwa. Huisha mtoaji akifa. Hapo hakuna haki iliyokufa, maana haikuwa imezaliwa. Kila mara ninapomsikia mtu akisema "tunapita hapa tangu enzi za Mwalimu", humuuliza: mlipita kwa sababu mlikuwa na haki, au kwa sababu hakuna aliyewakataza? Jibu la swali hilo ndilo kesi yenyewe.

Nieleze pia kwa nini nitataja majaji wa Uingereza katika mambo ya Goba. Tanganyika ilipokea sheria za Kiingereza kama zilivyokuwa tarehe 22 Julai 1920, na Sheria ya Ardhi yenyewe, katika kifungu cha 180, inaruhusu kanuni hizo zitumike pale zisipogongana na Katiba na sheria zilizotungwa hapa. Hukumu za London za miaka ya karibuni hazimfungi jaji wa Dar es Salaam, lakini mawakili huzisoma mbele yake na yeye huzisikiliza. India nao ni jirani wa kisheria: sheria yao ya mwaka 1882 kuhusu haki hizi iliziorodhesha namna za kufa kwake kwa uwazi ambao sheria nyingi hazina. Na sheria ya India ya uhamishaji wa mali, ya mwaka huohuo, ilitumika hapa kwetu mpaka ilipoondolewa na sheria ya 1999.

Kuachia kwa hiari

Kifo kilicho wazi kuliko vyote ni cha mwenye haki kuiachia mwenyewe. Kwetu jambo hili linataka maandishi, kwa fomu iliyowekwa, na kama haki ilisajiliwa, kufutwa kwake kunakamilika siku kunapoingizwa kwenye daftari la Msajili. Kabla ya hapo karatasi mliyosainiana kwa mjumbe inaweza kuwafunga nyinyi wawili, lakini daftari bado linasema njia ipo, na atakayenunua kesho atasoma daftari.

Shida kubwa ninayoiona ni ya nani ameachia. Mpangaji hawezi kuachia haki ya mwenye nyumba. Mtoto mmoja kati ya warithi saba, aliyesema "jengeni tu, kwani kuna nini", hawezi kuachia haki ya marehemu baba yake. Mwenye mamlaka hapo ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, naye anabanwa na maslahi ya warithi wote. Kama kiwanja kinachofaidi kimewekwa dhamana benki, njia ni sehemu ya thamani ambayo benki iliikopeshea. Ukiiachia kimyakimya unaipunguza dhamana ya mwenzako.

Wakati mwingine kifo kimeandikwa tangu kuzaliwa. "Atapita hapa mpaka barabara ya manispaa ikamilike." "Atapita kwa miaka kumi." Muda ukiisha, au jambo lililotajwa likitokea, haki inaisha bila kugombana, na kinachobaki ni kuisafisha kwenye daftari. Kuna na ukomo mwingine usioandikwa kwenye mkataba wowote. Ardhi yote ya Tanzania Bara ni ya umma, Rais akiwa mdhamini wake, na tunachomiliki sisi ni haki ya kuikalia, kwa kawaida miaka 33, 66 au 99. Haki ya mapito haiwezi kuishi kuliko haki ya umiliki iliyoizaa. Aliye na miaka 33 hawezi kumpa jirani njia ya milele, na umiliki huo ukifikia kikomo, njia iliyouegemea inaanguka nao.

"Barabara imechongwa nyuma kwako"

Hii ni hoja ya tatu ya kijana wa Goba, na ndiyo inayowachanganya watu wengi zaidi, kwa sababu ni kweli nusu.

Kama njia ilizaliwa na lazima tupu, bila neno lolote la makubaliano, basi lazima ikiisha nayo inaisha. Mahakama ya Uingereza ilisema hivyo mwaka 1824 katika shauri la Holmes dhidi ya Goring: mtu aliyepata njia nyingine ya kufikia ardhi yake hakuweza kuendelea kudai ile aliyopewa na shida. Sheria ya India ya 1882 inafuata mkondo huohuo, kwamba haki iliyotokana na lazima hukoma lazima inapokoma. Haki yenyewe ilikuwa kama gongo la mgonjwa, na mguu umepona. Nisifiche kwamba hukumu hiyo ya Holmes ilitiliwa shaka na majaji wengine baadaye hukohuko Uingereza, waliojiuliza kama haki iliyozaliwa siku ya mauziano inaweza kweli kuyeyuka kwa sababu ya tukio lililokuja miaka mingi baada yake. Wakili wa mama atalitaja shaka hilo. Wakili wa kijana atalitaja shauri lenyewe.

Lakini kama njia iliandikwa, barabara mpya haiiui. Makubaliano hayakusema "mpaka utakapopata pengine". Mtu ana haki ya kuwa na milango miwili. Hapo ndipo mkataba wa mauziano wa 2009 unapokuwa na thamani kuliko mashahidi kumi.

Na hata kwenye njia ya lazima, neno "barabara" linahitaji kupimwa kwa miguu. Jiji letu lina barabara za aina ya ajabu: zimechorwa kwenye ramani lakini katikati yake pana nyumba ya mtu, zimechongwa na greda Oktoba lakini zikifika masika ya Aprili zinakuwa korongo, zinaishia mtoni, na ng'ambo hakuna kivuko. Mwenye kiwanja cha nyuma akiwa na njia inayopitika kihalali na kwa uhakika, lazima imekwisha. Akiwa na mstari tu kwenye karatasi, au kinjia anachokipita kwa hisani ya jirani mwingine, bado yuko kisiwani. Inafaa wajumbe watoke ofisini wakaione hiyo barabara kabla ya kusema njia ya zamani imekufa, tena ikiwezekana siku ya mvua.

Miaka minne ya ukimya

Watu wengi wanaamini kwamba njia isiyotumika inakufa yenyewe, kama ukoka uliokosa maji. Hapa ndipo ninapotaka kukaa kidogo, maana imani hii imewanyang'anya watu haki zao bila kugombana, kwa kuwafanya wajione wamechelewa.

Mwaka huohuo wa 1824 kulikuwa na shauri la Moore dhidi ya Rawson. Jengo lilikuwa na madirisha yenye haki ya mwanga kutoka upande wa jirani. Mwenye jengo akaubomoa ukuta ule na kujenga mwingine usio na dirisha hata moja. Miaka kama kumi na minne ikapita, jirani akajenga karibu yake. Baadaye mwenye ukuta mtupu akatoboa dirisha na kudai mwanga wake wa zamani. Mahakama ikakataa. Tazama kilichomshinda: hakushindwa na miaka, alishindwa na ukuta. Mtu anayeziba madirisha yake mwenyewe kwa tofali, bila dalili ya kutaka kuyafungua, ametangaza nia. Jirani ameiona nia hiyo, ameiamini, amejenga.

Sasa weka kando yake shauri la Benn dhidi ya Hardinge, la 1992, la Mahakama ya Rufani ya Uingereza. Njia haikutumika kwa miaka 175. Vizazi vilipita, hakuna aliyekanyaga. Mahakama ikasema haijatelekezwa, kwa sababu hakuna aliyeihitaji katika muda huo, na kutoihitaji kitu leo si kukitupa. Majaji wa huko walikwishaweka kipimo kigumu: mwenye haki awe ameonyesha nia thabiti ya kutoidai tena maishani mwake na ya kutomrithisha mtu mwingine. Nia ya namna hiyo haidhaniwi kirahisi, maana watu hawana kawaida ya kutupa mali.

India walichagua njia nyingine. Sheria yao ya 1882 inaweka idadi: miaka 20 mfululizo bila kutumika, haki inazimika. Faida yake ni kwamba kila mtu anajua kuhesabu. Hasara yake ni kwamba aliyesafiri miaka 21 anarudi na kukuta amefungiwa. Mimi, kwa mazingira ya Dar es Salaam, naona kipimo cha nia kinatufaa zaidi. Viwanja vyetu vingi hukaa wazi muda mrefu kwa sababu mwenyewe anadunduliza pesa za msingi, au yuko kazini Mwanza, au mirathi haijafunguliwa. Kukaa kimya kwake ni umaskini au msiba. Si kutupa.

Kwa hiyo miaka minne ya nyumba tupu, peke yake, haiui njia ya mama wa Goba. Lakini ukimya ukiungana na matendo, mambo hubadilika. Kama mama aliziba mwenyewe geti la upande ule kwa ukuta wa kudumu, akahamishia mlango upande wa pili, akachimba karo la maji taka katikati ya njia ya zamani, hayo ni madirisha ya Moore. Na kuna hatari iliyo karibu zaidi: kumwangalia mwenzako akijenga. Sheria ya Ushahidi ya 1967 ina kanuni kwamba mtu aliyemfanya mwenzake, kwa kauli au kwa mwenendo wake, aamini jambo na kutenda kwa imani hiyo, hatasikilizwa akigeuka na kulikana. Aliyekaa barazani akinywa chai huku jirani akimwaga zege la ghorofa mbili juu ya njia, na akaja kulalamika siku ya kupaka rangi, atakuwa na kazi ngumu ya kujieleza. Ndiyo maana barua moja ya pingamizi, yenye tarehe, iliyopokelewa na kusainiwa hata kwa mjumbe, inaweza kuwa na uzito kuliko miaka yote ya kupita.

Na hoja ya kwanza, ya hati isiyoonyesha njia? Ina nguvu, lakini si nguvu ya mwisho. Kusajili ni ngome, na mwenye njia isiyosajiliwa yuko nje ya ngome. Hata hivyo Sheria ya Ardhi humhesabu mnunuzi kuwa na taarifa ya yale ambayo angeyajua kama angefanya uchunguzi na ukaguzi unaostahili. Aliyekwenda kukagua eneo akakuta kinjia kimekanyagwa hadi udongo ukawa mgumu, kinaelekea kwenye geti la nyumba ya watu, hawezi kusema kwa moyo mweupe kwamba hakujua. Ndiyo maana mara nyingine kitu cha kwanza kuondolewa, hata kabla ya msingi kuchimbwa, ni alama za njia yenyewe.

Mikono ikiungana

Kifo kingine hakina ugomvi, na kwa sababu hiyo hakionekani. Mtu mmoja akimiliki viwanja vyote viwili, kinachofaidi na kinachobeba, haki ya mapito inakufa, kwa kuwa huwezi kuwa na haki dhidi yako mwenyewe. Unapita kwako kama mwenye mali. Lazima umiliki na ukaaji viwe mkononi mwa mtu yuleyule. Kama amenunua kimoja na kingine amekipanga tu, haki inalala. Upangaji ukiisha inaamka.

Madhara yake hutokea kizazi cha pili. Baba amenunua kiwanja cha nyuma mwaka huu, cha mbele miaka sita baadaye, akavunja ukuta katikati na kuishi kama kiwanja kimoja. Amefariki, watoto wamegawana: dada mbele, kaka nyuma. Kaka anatoa mkataba wa zamani wenye kipengele cha njia. Kipengele hicho kilikufa siku baba aliponunua kiwanja cha pili, na mgawanyo hauwezi kukifufua. Kinachoweza kumsaidia kaka ni haki mpya, itokanayo na mgawanyo wenyewe: ama iandikwe kwenye mgao wa mirathi, ama idaiwe kama lazima. Familia nyingi hugawana vyumba, mabati na hata miti, zikasahau kuandika mahali pa kupita. Wanaandika baada ya shemeji kuweka geti.

Mto, nyumba na serikali

Ardhi yenyewe inaweza kuondoka. Wanaoishi kando ya Msimbazi au Mlalakuwa wanajua: mvua za masika hula ukingo mita baada ya mita, na kinjia kilichokuwa ukingoni kinaanguka na udongo wake. Haki haiwezi kukaa hewani. Wala aliyepoteza njia hapati moja kwa moja haki ya kuhamia mita tatu ndani zaidi kwa jirani; anaanza upya, kwa makubaliano au kwa hoja ya lazima. Nyumba kubomoka ni jambo jingine: kama njia ilitolewa kwa kiwanja, inabaki hata nyumba ikiwa kifusi. Ila haki iliyofungwa kwenye jengo fulani, kama ya ukuta kuegemea ukuta wa jirani, huondoka na jengo.

Kiwanja kinachofaidi kikibadilika tabia, kwa mfano nyumba ya familia ikawa gesti au ghala la vifaa vya ujenzi lenye fuso kumi kwa siku, kwa kawaida haki haifi. Mahakama humrudisha mtumiaji kwenye kipimo chake cha awali. Mwenye ardhi inayobeba hana ruhusa ya kujibu kero kwa kufunga njia yote.

Serikali nayo inaua njia. Ardhi ikitwaliwa kwa manufaa ya umma chini ya sheria ya utwaaji ya mwaka 1967, haki zilizokuwa juu yake hukoma, na fidia inapohesabiwa, aliyekuwa na haki ya mapito aliyoithibitisha naye ana sababu ya kusema. Sheria ya Barabara ya 2007 ilipoipanua hifadhi ya barabara kuu kutoka mita 22.5 hadi mita 30 kila upande kutoka katikati, vichochoro vingi vya watu binafsi viliingia ndani ya hifadhi. Kwa upande mwingine, mkuza, yaani ukanda wa kupitishia umeme au bomba, uliowekwa kisheria kwa huduma ya umma, ni haki ya umma inayokwenda na ardhi. Majirani hawaufuti kwa kukubaliana, na aliyejenga chini ya nyaya hahalalishi ujenzi wake kwa kukaa muda mrefu.

Mahakama pia inaweza kuombwa itamke kwamba haki imekwisha. Na ukitaka kuipinga au kuilinda njia yako, ujue mlango wa kuanzia. Tangu mabadiliko ya sheria ya 2021, Baraza la Kata linapatanisha tu, haliamui. Likishindwa kupatanisha linatoa hati ya kushindwa, au zikipita siku 30 bila suluhu, unaweza kwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Amri ya kusimamisha ujenzi huombwa huko, mapema, kwa hati ya dharura, na vielelezo vikiwa mkononi: mkataba, picha za njia kabla ya ukuta, barua ya pingamizi, ramani.

Kwa mama wetu, kazi ya Jumatatu asubuhi haikuwa kumtafuta mjumbe anayeikumbuka njia. Ilikuwa kufungua sanduku la nguo na kutoa mkataba wa 2009, karatasi ya daftari iliyokunjwa mara nne, yenye saini ya marehemu na mashahidi wawili. Mstari wa saba, kwa kalamu ya bluu: "Mnunuzi ameachiwa njia ya futi kumi na mbili kuanzia kwenye mwembe hadi barabarani, yeye na watakaokuja baada yake." Mwembe umeshakatwa. Kisiki chake kiko ndani ya ukuta mpya, na mpima anaweza kukipimia.